Chumba cha Wawili Visiwani

"Yuko wapi huyo mwanamke nitakayelala naye chumba kimoja kule visiwani?"

Hapo ndipo nilipowakatia wiki jana, na nasikia mmenisema sana. Haya, natubu. Mwanaume mgeni kasukuma mlango wa kioo wa ofisi ya safari, kasimama katikati ya chumba akihema kwa ngazi, kauliza swali hilo kwa sauti ya mtu anayeulizia choo. Ofisi nzima ikakauka.

Kama wewe ndiyo kwanza unafungua gazeti letu, shika haya machache halafu twende. Kuna mwanamke mmoja, kazini wanamwita Kapteni, kwa sababu anavijua visiwa vyote vya dunia hii na hajawahi kupanda hata ndege. Kazi yake ni kuwapangia watu likizo. Mwaka huu ofisi imempa likizo yeye mwenyewe, wiki nzima katika nchi moja ya visiwa huko mbali, kwenye hoteli ambayo vibanda vyake vimesimama juu ya maji na samaki wanapita chini ya kitanda.

Tatizo ni kwamba hoteli ile haipokei mtu mmoja. Chumba ni cha wawili, meza ni ya wawili, hata mashua ya kukuvusha ni ya wawili. Basi Kapteni akawaambia wenzake anakwenda na mtu wake.

Hana mtu. Siri hiyo tulikuwa tunaijua watatu tu, yeye, mimi na wewe. Sasa huyu mwanaume mlangoni katoka wapi?

Aliyezinduka wa kwanza ni Redio. Redio anakaa meza ya pili, na jina hilo hakupewa bure. Mwambie jambo asubuhi, mchana mlinzi wa jengo la jirani anakuuliza limeishia wapi.

"Shemeji!" akapiga ukelele. "Jamani, shemeji kaja mwenyewe! Bosi, toka uone! Yule mtu wa Kapteni kumbe yupo kweli!"

Kumbe yupo kweli. Kapteni alilisikia neno hilo na likamchoma. Kumbe siku zote walikuwa wanachekea chini ya meza.

Mgeni mwenyewe alikuwa mtu mzima wa makamo, shati la kazi la bluu, begi la vifaa begani, mikono mikubwa asiyojua pa kuiweka.

"Mimi?" akasema. "Hapana, mimi ni fundi wa lifti. Nimepata ujumbe kwenye simu unasema..."

Kapteni akasimama. Hakuwa na mpango wowote. Alichoweza kufanya ni kumtazama yule mgeni machoni, na macho yake yalikuwa yanaomba.

Fundi akayaona. Mtu huyu maisha yake yote kazi yake ni kufungua milango na kukuta watu waliokwama ndani, na wote humtazama vilevile.

"...unasema chumba kiko tayari," akamalizia polepole. "Ndiyo nikasema nipite nimsalimie."

Ofisi ikalipuka kwa vigelegele.

Bosi akatoka chumbani kwake na miwani kichwani. Bosi ni mama mmoja mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Akamshika fundi mkono kwa mikono yote miwili.

"Karibu, shemeji, karibu sana. Huyu binti yetu alikuwa anatuficha, hata picha hataki kutuonyesha. Leteni kiti! Chai ipo?"

Chai ikaja, na biskuti zikaja. Fundi akaketishwa katikati, Kapteni akasukumwa akae kando yake, wakabanana pale kama watu wanaopigwa picha ya pasi kwa pamoja.

"Haya, semeni," Redio akaanza. "Mlikutana wapi?"

"Kwenye lifti," fundi akasema.

"Benki," Kapteni akasema palepale.

Wakatazamana.

"Lifti ya benki," Kapteni akaunganisha.

"Alikwama," fundi akaongeza bila kupepesa macho. "Nikamtoa."

"Weee!" Redio akashika kifua. "Mimi nimepanda lifti miaka yote hii, mbona sikwami?"

Wakacheka. Hata Kapteni alicheka, na alipojisikia anacheka akashtuka, kwa sababu ilikuwa muda mrefu hajacheka na mtu. Nyumbani kwake anakaa peke yake tangu mama yake mzazi afariki. Alimuuguza mama yule miaka mingi, ndiyo sababu kila safari ya ofisi aliwapa wenzake. Mama akaenda zake, sufuria zikabaki zilezile za familia, na sasa Kapteni akipika mara moja anakula chakula kilekile mpaka anakichoka. Simu ikiita jioni ni kampuni ya simu inatangaza ofa, na yeye humsikiliza yule dada wa kwenye mashine mpaka mwisho.

"Mimi nina swali moja," Bosi akasema. "Huyu kawapangia watu likizo miaka nenda miaka rudi. Anawaambia walale wapi, wavae nini, wasisahau nini. Sijawahi kumsikia akisema yeye mwenyewe anataka nini. Kapteni, mkifika huko, mmepanga kufanya nini?"

Wote wakamgeukia.

Swali hilo Kapteni hakuwa amewahi kuulizwa, na jibu lilitoka lenyewe.

"Nataka kuamka mapema, kabla ya watu wote wa hoteli. Wiki tunayokwenda, maji yatakuwa yanakupwa alfajiri. Unavaa viatu vya mpira kwa ajili ya miiba, unatembea tu baharini mpaka kwenye matumbawe, maji yanakufika magotini. Nyota nyekundu za baharini ziko chini hapo unaziona. Nimewaambia wateja wangu wote. Wakirudi nawauliza, mlikwenda? Wote wananiambia walilala."

"Mimi nitakuamsha," fundi akasema.

Alisema hivyo tu, kikombe mkononi. "Mimi alfajiri huwa silali. Nitakuamsha."

Kapteni akainama chini ya meza, akajidai anatafuta kijiko. Nisiwafiche, wasomaji wangu, alikuwa analia. Alijua fika kuwa mwanaume huyu hamjui hata jina, kuwa yote ni maigizo, na bado alilia. Ni miaka imepita hakuna mtu aliyemwambia atamwamsha.

Alipoinuka akasema haraka, "Twende stoo nikuonyeshe ramani."

"Ramani!" Redio akamkonyeza kila mtu. "Haya, kaangalieni ramani. Msiharakishe."

Mlango wa stoo ulipofungwa, maigizo yakaisha.

"Dada," fundi akasema kwa sauti ya chini, "mimi sikujui. Nimekufichia mambo yako kwa sababu nimekuona umebanwa. Sasa na wewe niambie. Kwa nini jina lako liko kwenye nafasi ya mke wangu?"

Mke! Kapteni akaegemea maboksi ya vipeperushi.

"Nilikata nafasi mbili," fundi akaendelea. "Yangu na yake. Yake nilisema tuiache wazi kwanza, kwa sababu alikuwa hajakubali. Jana napata ujumbe kwenye simu, una jina la mwenzangu wa chumbani. Si jina la mke wangu. Nauliza pale chini kwa mlinzi, ananiambia huyo ni Kapteni, panda ngazi."

Kapteni akaelewa palepale. Ofisi ile ina mazoea yake. Mtu akikata chumba cha wawili na mwenzake hajajulikana, wanashikilia nafasi kwa kuandika Fulani. Siku za safari zikikaribia, wakikuta Fulani wawili katika vyumba viwili, wanawaunganisha watu wazima wale katika chumba kimoja, mradi wote walisema hawachagui, na chumba kinachobaki kinauzwa. Kazi hiyo ni ya Redio, na Redio huifanya simu ikiwa sikioni. Hatazami majina, wala nani alisema hachagui. Anatazama namba tu.

Kapteni alikuwa ameandika Fulani kwenye nafasi ya mtu wake. Fundi naye aliandikiwa Fulani kwenye nafasi ya mke. Redio kawaunganisha huku akimsimulia shoga yake habari za harusi ya jana.

"Kirudishe basi kile chumba kingine," fundi akasema alipoelezwa.

"Kimeuzwa siku ileile. Hoteli imejaa, ndege imejaa. Kimebaki hicho kimoja."

Fundi akakaa juu ya boksi. Akavua kofia, akaishika kwa mikono yote.

"Mke wangu kahamia kwa dada yake. Hatukugombana. Ningefurahi tungegombana, ningejua pa kurekebisha. Siku anaondoka aliniambia hivi: tulipooana ulisema utanipeleka visiwani. Kata nafasi. Jumamosi nikija uwanja wa ndege, tumerudiana. Nisipokuja, usinitafute tena."

"Na akija akakuta nafasi yake ina jina la mwanamke mwingine?"

"Hataniuliza kitu. Mke wangu haulizi. Ataondoka, na hapo ndiyo basi."

Nje Redio alikuwa anacheka peke yake.

"Sikulazimishi," fundi akasema. "Nafasi ni yako kihalali kama ilivyo yake. Nimekuja tu nikuone ni nani."

Sasa msomaji, usijifanye malaika. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kapteni akikaa kimya, Jumamosi anapanda ndege. Akiiachia nafasi, anabaki, na Jumatatu atakuja kazini aulizwe, vipi tena, na shemeji yuko wapi? Ndoa ya watu asiowajua upande mmoja, na upande wa pili bahari aliyoisimulia nusu ya maisha yake bila kuigusa.

Mlango ukagongwa. Bosi akachungulia, uso wa mtu mwenye ombi.

"Shemeji, samahani, hata biskuti hujamaliza. Lifti yetu imekufa siku nyingi, wenye jengo wanatuzungusha tu. Kwa kuwa upo..."

Fundi akachukua begi lake akatoka. Hakumtazama Kapteni. Nadhani hakutaka kumsukuma.

Kapteni akarudi mezani kwake, akafungua kompyuta. Jina lake lilikuwa pale, chini ya la fundi, na kibanda juu ya maji kilikuwa kwenye picha pembeni. Akakitazama. Viatu vya mpira alikwisha nunua, viko nyumbani chini ya kitanda, na jioni mojamoja huwa anavivaa akatembea navyo sebuleni.

Akalifuta jina lake. Akaandika jina la mke wa fundi, lile aliloambiwa stoo, herufi moja moja. Kisha akakaa na mikono mapajani, na upweke ukamshuka pale ofisini katikati ya watu, mchana kweupe, simu zinaita.

"Ngazi zenu hizi zitaniua!"

Mwanamke alikuwa amejitupa kwenye kiti cha mteja. Mnene kidogo, mchangamfu wa sura, rangi za kuchorea za watoto zimemkauka kwenye mkono wa gauni. Mwalimu wa chekechea, huwezi kukosea.

"Pole, mwalimu. Nikusaidie nini?"

"Nataka kufuta nafasi ya safari. Jumamosi hii, visiwani." Akataja jina lake.

Ndilo. Lile lile ambalo wino wake, tungesema, haujakauka.

"Na nakuomba sana, dada yangu," mke wa fundi akaendelea, "mume wangu asijue mpaka Jumamosi. Ajionee mwenyewe uwanjani."

"Kwa nini usimwambie leo?"

"Kwa sababu mimi ni mwoga."

Kidole cha Kapteni kilikuwa juu ya kitufe. Akibonyeza, nafasi inarudi kuwa yake. Hata wizi si wizi, mwenyewe kaja kwa miguu yake kuomba afutwe! Ningekuwa mimi, jamani, ningebonyeza nikaenda kufunga sanduku.

"Haifutiki," Kapteni akasema.

Huo ulikuwa uongo wake wa pili, na huu ulimuuma.

"Haifutiki vipi? Kila kitu kinafutika."

"Mwalimu, kule ni kuzuri. Alfajiri maji yanakupwa, unatembea mpaka kwenye matumbawe. Mumeo atakuamsha..."

Mke wa fundi akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha huzuni. "Mume wangu? Mume wangu huongea na mashine. Mimi siku nzima naongea na watoto wa miaka minne. Nikirudi nyumbani nataka mtu mzima mmoja tu aniulize, umeshindaje. Anakula, anashukuru, anazima taa. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeondoka zamani. Wewe unaishi na mtu?"

"Hapana," Kapteni akasema kwa sauti ya chini. Ilimtoka tu.

"Basi hutaniamini. Utaona kama nakufuru. Lakini afadhali wewe, wewe unajua uko peke yako. Mimi napakua sahani mbili, nakaa mezani na mwenzangu, na nakula peke yangu. Nimechoka, dada. Nifute."

Kapteni alitaka kumwambia, leo kaongea. Leo kacheka, katunga uongo, kaahidi kumwamsha mtu. Lakini atasemaje bila kusema aliahidiwa nani?

Hapo Redio akaweka simu chini. Alikuwa amenasa vipande viwili tu, visiwani Jumamosi na nifute, na hivyo vilimtosha.

"Usifute, mwalimu wangu! Thubutu! Hata Kapteni wetu anakwenda Jumamosi hiyohiyo, hotelini hapohapo, yeye na shemeji! Ungemsikia huyo shemeji asubuhi hii! Eti atamwamsha alfajiri wakatembee kwenye maji. Wanaume wa hivyo bado wapo, na ni mafundi wa lifti!"

Mke wa fundi akageuka taratibu. "Mafundi wa nini?"

Na lifti, ambayo jengo lile lilikuwa limeisahau, ikalia kengele yake. Mlango ukafunguka. Fundi akatoka, grisi mpaka viwikoni, uso umejaa tabasamu.

"Kapteni! Imepona, njoo u..."

Akamwona mke wake. Tabasamu likafa.

"Huyo hapo sasa!" Redio akapiga makofi. "Shemeji yetu!"

Maskini Redio. Ilimchukua muda kuona kuwa anapiga makofi peke yake.

Mke wa fundi hakupiga kelele. Alimtazama mume wake, akamtazama Kapteni. "Wewe si umeniambia sasa hivi huna mtu?"

Kapteni akaondoa kidole juu ya kitufe.

"Atamwamsha alfajiri," mke akarudia, sasa akimwambia mume. "Mimi hujawahi kuniamsha."

"Siyo hivyo," fundi akasema.

"Ni vipi basi? Eleza."

Fundi akavuta pumzi. Sentensi moja tu ingemwokoa: huyu mwanamke kawadanganya wenzake, mimi nimemfichia. Sentensi moja, na ndoa yake inapona palepale. Akamtazama Kapteni, akaitazama ofisi iliyojaa watu, Bosi mlangoni, Redio na mikono hewani.

Akafunga mdomo.

Mke akachukua mkoba wake. "Sawa," akasema. "Nimeelewa."

"Hujaelewa!" Kapteni aliinuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. "Kaa chini, mwalimu. Huyu si mtu wangu. Nimemjua leo, na yeye kanijua leo, alikuja kuuliza nafasi yako imekwenda wapi."

Akawageukia wenzake.

"Mimi sina mtu. Mwaka huu sina, mwaka jana sikuwa naye. Niliwadanganya kwa sababu hoteli haipokei mtu mmoja. Na kwa sababu ninyi tukitoka hapa mnaniambia tuonane kesho, na hiyo ndiyo sauti ya mwisho ninayoisikia mpaka hiyo kesho. Niliona aibu kuwaambia. Bado naona aibu."

Bosi alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Redio, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakuwa na la kutangaza. Alikwenda akaokota kile kiti, akakisimamisha, akabaki amekishikilia.

"Ni kweli?" mke wa fundi akamuuliza mume wake.

"Kweli."

"Na ulinyamaza ili asiaibike."

"Ndiyo."

"Mtu usiyemjua." Sauti ikaanza kumvunjika. "Chai umekunywa naye. Hadithi umetunga. Kumwamsha umeahidi. Kumbe unaweza! Miaka yote hii nilidhani huwezi, nikakuhurumia, nikasema Mungu kamuumba hivyo. Kumbe unaweza, ila si kwangu."

Grisi ilikuwa inamdondoka fundi kidoleni na hakuifuta.

Mke akajifuta macho kwa mkono wa gauni wenye rangi. Akakaa tena. Akamgeukia Kapteni, na sauti yake ikawa ile ya mwalimu anayepanga darasa.

"Jina langu liko humo?"

"Liko. Nimeliandika kabla hujafika. Nimejitoa mimi."

"Umejitoa kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yenu."

"Basi usilifute. Naenda."

Fundi akatoa pumzi ndefu. Akapiga hatua moja mbele. Jamani, nilitamani sana kuwaacha hapo, tuseme wamerudiana, tukale.

"Lakini siendi na wewe," mke akamwambia bila kumtazama. "Dada, futa la kwake. Andika la kwako. Chumba si cha wawili? Mimi na wewe. Wewe unataka mtu wa kutembea naye kwenye maji, mimi nataka mtu wa kuongea naye. Unakuja?"

Akanyoosha mkono juu ya meza.

"Ndiyo," Kapteni akasema.

Lilitoka kabla hajalifikiria. Amewachagulia watu viti vya dirishani maisha yake yote, na leo mtu kamchagua yeye, mbele ya watu, kwa sauti. Aliushika ule mkono, ulikuwa wa moto na umepauka kwa chaki, na furaha ikampanda mpaka akaogopa.

Kisha akainua macho akamwona fundi.

Fundi alikuwa anatabasamu. Kapteni alilijua tabasamu lile kwa sababu amelivaa yeye mwenyewe kila jioni akiaga kazini. Ni la mtu anayetaka msimuulize kitu.

"Sawa," fundi akasema. "Ni haki yake. Sina neno."

Akainama, akaweka bisibisi begini, akafunga zipu. Alipofika mlangoni akasimama. Hakumtazama mke wake, alimtazama Kapteni, na hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza njia kwa mwenyeji.

"Kapteni, wewe una uzoefu wa kukaa peke yako, nisaidie. Mimi tangu ahame nilikuwa naisubiri Jumamosi. Nikiamka naisubiri, nikilala naisubiri, hiyo ndiyo imenifikisha hapa. Sasa ikishapita, Jumapili asubuhi nikiamka, mtu anaanzia wapi?"

Kapteni alikuwa na jibu. Hakuna mwingine katika chumba kile aliyekuwa nalo. Na mke wa fundi, aliyekuwa bado kaushika mkono wake, aliinua uso akasubiri kulisikia.